Bei ya Kuondoka

Jumatatu ya tarehe 24 Novemba 2003, wateja wa simu za mkononi katika majiji 100 makubwa ya Marekani walipata haki ambayo hawakuwa nayo siku moja kabla: kuhama mtandao na kubaki na namba zao. Kampuni za simu zilikuwa zimeipinga kanuni hiyo kwa miaka, zikaomba iahirishwe mara kadhaa, mwisho zikaenda mahakamani na kushindwa. Hofu yao ilieleweka. Namba ni kamba. Fundi bomba aliyechora namba yake ubavuni mwa gari, au mama ambaye namba yake iko shuleni kwa watoto wake wote, hahami mtandao kwa sababu tu jirani analipa nafuu. Kamba hiyo ilipokatwa, magazeti yaliandika kana kwamba wateja wamefunguliwa zizi.

Zizi lilikuwa na mlango wa pili. Ndani ya mkataba, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sharti lililosema kwamba mteja akiondoka kabla ya mwaka mmoja au miwili kutimia, atalipa dola 150, au 175, au 200, kutegemea kampuni. Sharti hili halikutungwa na bunge lolote. Kwa zaidi ya miaka kumi lilizaa malalamiko, barua, kesi na vikao vya serikali, na ninavyolisoma mimi, ugomvi wote ulikuwa juu ya swali moja la lugha: hela hii inaitwaje?

Kuelewa kwa nini jina lilikuwa na uzito kiasi hicho, msomaji wa Dar es Salaam au Kampala inabidi asahau kwanza simu anavyozijua. Sisi wengi tulinunua simu kwa hela yetu, Kariakoo au kwa mtu anayehama mji, tukaweka laini, tukakwangua vocha. Mtandao ukituudhi tunachomoa laini moja na kuchomeka nyingine, na wengine wetu tuna zote tatu mfukoni. Hakuna aliyekuja kutudai kwa kuondoka, maana hatukuahidi kukaa. Marekani ilikwenda njia nyingine. Kule mteja aliingia dukani na kutoka na simu ya bei kubwa akiwa amelipa kidogo sana, wakati mwingine bila kulipa kitu. iPhone ya mwaka 2008 iliuzwa dola 199 kwa aliyesaini mkataba wa miaka miwili. Bei yake halisi ilikuwa mbali na hapo. Kampuni ya mtandao ilifidia tofauti hiyo taratibu kupitia bili ya kila mwezi. Mteja akikimbia mwezi wa nne, pengo linabaki kwa kampuni.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya kampuni, na si hoja ya kijinga. Tatizo ni kwamba ada yenyewe haikufanana na hoja. Kwa miaka mingi ilikuwa ileile kwa aliyeondoka wiki ya tatu na kwa aliyeondoka mwezi wa 23, ingawa huyu wa pili alikuwa ameshalipia karibu simu yote. Ilimkuta hata mtu aliyekuja na simu yake mwenyewe. Na miaka miwili ikiisha, simu ikiwa imelipiwa hadi senti ya mwisho, bili ya mwezi haikushuka. Kama ada ilikuwa ya kufidia simu, ilikuwa na tabia za ajabu kwa fidia.

Hapa niseme ninakotokea. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu mikataba ya vibarua wa mashamba ya mkonge Tanga wakati wa Waingereza, watu walioitwa manamba. Katika mfumo ule kibarua aliyeondoka kabla ya kumaliza kipande chake au mkataba wake hakudaiwa fidia tu. Sheria ya mabwana na watumishi ya Tanganyika ilihesabu utoro kuwa kosa la jinai. Sisemi mteja wa simu wa California ni manamba. Ulinganisho huo ungekuwa matusi kwa manamba. Ila mtu anayeshinda siku nzima akisoma mikataba iliyoandikwa na upande mmoja hujifunza kuangalia mahali pamoja kwanza: kipengele cha kuondoka. Kipengele cha kuingia huandikwa na idara ya matangazo. Cha kuondoka huandikwa na mwanasheria.

Na wanasheria wa Kiingereza wamegombana juu ya kipengele hicho kwa karne nyingi. Zamani za kina Shakespeare, mtu aliyekopa paundi 50 aliweza kusaini hati kwamba asipolipa siku fulani, atadaiwa 100. Hati ya ratili ya nyama katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuitoa mwaka 1969 kama Mabepari wa Venisi ni ya ukoo huohuo, imetiwa chumvi ya jukwaani tu: malipo ya kuvunja ahadi hayana uhusiano wowote na hasara ya mdai. Taratibu mahakama za Uingereza zilianza kuzikataa hati za namna hiyo. Kanuni iliyobaki ni nyepesi kuisema na ngumu kuitumia: mkataba unaweza kutaja mapema fidia ya hasara, lakini hauwezi kutoza adhabu. Kuadhibu ni kazi ya dola.

Bila shaka kila mwandishi wa mikataba akaanza kuandika "hii ni fidia, si adhabu". Mwaka 1829 mbinu hiyo ilifika mahakamani London katika kesi ya mchekeshaji mmoja, Farren, aliyekuwa ameajiriwa na jumba la maonyesho la Covent Garden kwa misimu minne. Mkataba ulisema atakayevunja sharti lolote atalipa paundi 1,000, na kwa maneno ya wazi kabisa kwamba hiyo si adhabu. Majaji walikataa. Kiasi kilekile kingetozwa kwa kosa kubwa na kwa kosa la kuchelewesha malipo madogo ya usiku mmoja, kwa hiyo, mkataba uiite utakavyo, ilikuwa adhabu. Naipenda kesi hii kwa sababu inasema jambo ambalo wanahistoria tunalihubiri kila siku: usimwamini mwandishi wa waraka anapojieleza. Mwaka 1914, katika kesi ya matairi ya Dunlop, majaji wakuu wa Uingereza waliweka vipimo vilivyotawala karne nzima iliyofuata. Kimojawapo: kiasi kikiwa kimoja tu kwa makosa mazito na mepesi, kisie kuwa ni adhabu.

Sasa rudi Marekani, ambako sheria ya mikataba ilirithi mawazo hayo. Ada ya dola 200, ileile mwezi wa pili na mwezi wa 23. Mtu hahitaji shahada kuona inaangukia wapi.

Kampuni ziliona pia. Ndiyo maana hazikung'ang'ania kuiita fidia. Mwaka 2005 chama chao cha kitaifa, CTIA, kilipeleka ombi kwa FCC, tume ya serikali kuu inayosimamia mawasiliano, ikitaka itamke kwamba ada ya kuondoka ni sehemu ya bei ya huduma. Neno "bei" lilichaguliwa kwa uangalifu wa fundi saa. Sheria ya Bunge ya mwaka 1993 ilikataza majimbo kupanga bei za simu za mkononi. Ada ikiwa adhabu, jaji wa California anaweza kuifuta. Ikiwa bei, hana mamlaka hata ya kuigusa, na kesi zote zilizokuwa zimefunguliwa majimboni zingekufa siku moja bila mtu kusikilizwa. Tume ilikaa na suala hilo miaka mitatu na mnamo Juni 2008 iliitisha kikao cha wazi kusikiliza pande zote. Wakati huohuo kesi moja ilikuwa tayari mbele ya juri, upande wa pili wa nchi.

Ilisikilizwa katika kaunti ya Alameda, California, mbele ya Jaji Bonnie Sabraw, dhidi ya kampuni ya Sprint, kwa niaba ya wateja wapatao milioni 2. Kampuni nyingine ilikuwa imesimama kizimbani hapohapo kwa ada ya namna hiyo. Hiyo, Verizon, ilimaliza yake kwa makubaliano ya dola milioni 21 mwaka huohuo. Sprint ilikwenda hadi hukumu. Kilichonivutia katika hukumu si fedha, ni swali lililoulizwa: siku mlipoweka ada hii, nani alikaa na kikokotoo akahesabu hasara? Jibu lililotoka katika ushahidi ni kwamba hakuna. Ada ilipoingizwa mwaka 2000 haikutanguliwa na hesabu ya hasara. Iliwekwa hasa ili wateja wasiondoke. Kiasi kilitazamwa kwa kuangalia washindani na kile ambacho mteja angekivumilia.

Mahakama iliiita adhabu na kuamuru wateja warudishiwe dola zipatazo milioni 73 walizokuwa wamelipa, na waliokuwa bado wanadaiwa wasidaiwe tena. Juri nayo, katika madai ambayo Sprint ilifungua dhidi ya wateja wake wenyewe, ilikubali kwamba walioondoka walivunja mkataba na kampuni ilipata hasara, na hesabu ya kukata hasara hiyo kwenye marejesho ilibidi irudiwe. Watu huiacha sehemu hii wanapoisimulia kesi kama ushindi wa Daudi. Mimi naiona ndiyo sehemu nzuri zaidi, kwa sababu ndivyo kanuni ilivyokusudiwa kufanya kazi tangu enzi za Farren: aliyevunja ahadi alipe alichoharibu, na aonyeshwe alichoharibu. Mahakama ya rufaa ilithibitisha mwaka 2011.

Lakini wateja wengi hawakuwa California, na wengi hawakuwa na kesi. Walikuwa na simu na kalamu. Shangazi yangu alikuwa mmojawao. Aliishi Columbus, Ohio, akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na mwaka 2007 alisaini mkataba wa miaka miwili wa laini mbili, yake na ya mwanawe. Katikati ya 2008 bibi aliugua Muheza. Shangazi akarudi kumuuguza, mwanawe akaja naye, wakakaa hadi mazishi na baada. Kabla ya kupanda ndege alipiga simu kampuni kueleza. Aliambiwa anaweza kufunga laini wakati wowote, dola 175 kwa kila laini. Jumla 350.

Barua alizoandika anazo mpaka leo, nakala zilizopigwa katika maktaba ya mtaa, pamoja na majibu. Alinipa bahasha nzima nilipomwambia ninachosoma. Kama chanzo cha historia, nisingeomba bora zaidi. Majibu ya kampuni ni matatu na yanafanana kama yametoka kwenye tanuri moja: tunathamini uaminifu wako, tumepitia akaunti yako, mkataba wako unasema hivi. Barua zake hazifanani. Ya kwanza anaomba. Ya pili anaeleza, na ndani yake anataja kwamba mwaka huohuo Bunge lilikuwa limewaruhusu wanajeshi waliopangiwa kwenda mbali kuvunja mikataba ya simu bila ada, akauliza mtu anayeitwa na mama yake anakuwa wa daraja gani. Ya tatu ni fupi. Anasema simu zote mbili alizinunua mwenyewe kwa bei kamili kabla ya kujiunga nao, amelipa kila bili kwa wakati, laini hazikutumika tena. Halafu anauliza: nimewaharibia nini?

Hakuwa amesikia habari za Covent Garden. Alikuwa amefika mahali palepale kwa miguu yake.

Hakuna aliyemjibu swali hilo. Deni liliuzwa kwa wakusanya madeni, ambao waliongeza gharama zao na kumpigia mwanawe kazini. Mwenzake wa kazi, Msomali aliyekuwa ameshapita njia hiyo, ndiye aliyemwambia kuhusu fomu ya malalamiko ya FCC. Ni fomu isiyo na makali yoyote yanayoonekana. Haina jaji, haina ada, haihitaji wakili. Inachofanya ni kimoja: tume inaipeleka kwa kampuni, na kampuni inatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Baada ya wiki tatu shangazi alipokea barua ya nne, ya kwanza yenye jina la mtu chini yake. Wanamfutia ada ya laini moja na gharama za wakusanya madeni, "kama ishara ya nia njema", bila kukiri kosa lolote. Laini ya pili alilipa.

Nilimuuliza kwa nini alikubali nusu. "Mwanangu," akasema, "nilikuwa nimechoka, na wao walikuwa wanajua."

Ile "nia njema" ndiyo iliyonifanya niandike haya. Nimeanza kuiona kila mahali katika nyaraka za ugomvi huu. Kampuni ilipopunguza ada, ilikuwa hisani. Haikuwahi kuwa haki ya mteja. Ukipewa haki, wa nyuma yako anaweza kuidai. Ukipewa hisani, yeye anaanza upya kwa barua ya kwanza. Hata mabadiliko makubwa yalikuja kwa sura hiyo. Verizon ilianza kushusha ada kadiri miezi inavyokwenda mwishoni mwa 2006, AT&T mwaka 2008, na yote yalitangazwa kama zawadi kwa wateja, wakati kesi zikiwa mahakamani na tume ikitazama. Kisha hisani ikarudi ilikotoka. Novemba 2009 Verizon ilipandisha ada ya simu za kisasa kutoka dola 175 hadi 350, ikipungua dola 10 kila mwezi. Fanya hesabu: mtu aliyekaa miezi 23 kati ya 24 alibaki anadaiwa 120. FCC iliandika kuuliza sababu. Katika jibu lake kampuni haikusema tena ni simu tu. Iliorodhesha pia gharama za matangazo, kamisheni za wauzaji na maduka. Yaani mteja anayeondoka alipie tangazo lililomvuta kuingia. Miezi michache baadaye AT&T nayo ilipanda hadi 325.

Mwaka 2011, ule ambao rufaa ya Alameda ilithibitishwa, mlango ambao wateja wa California walipitia ulifungwa. Mume na mke mmoja wa jimbo hilo walikuwa wamevutwa na tangazo la simu za bure, wakakuta wanatozwa kodi ya mauzo, dola 30 na senti 22. Wakashtaki, kesi ikaunganishwa na nyingine kuwa ya uwakilishi. Mkataba wao na AT&T ulisema migogoro yote iende kwa usuluhishi, mteja mmoja mmoja. Tarehe 27 Aprili 2011, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema, kwa kalamu ya Jaji Antonin Scalia, kwamba sheria ya usuluhishi ya mwaka 1925 inalilinda sharti hilo hata kama California inaliona si la haki. Haikuwa kesi ya ada ya kuondoka, lakini baada yake kesi ya watu milioni 2 kuhusu ada hiyo ilikuwa ngumu hata kuiota. Nani atakodi wakili kwa ajili ya dola 175? Shangazi, pengine, siku ya barua ya tatu. Mahakama za madai madogo zilibaki wazi kwa mtu kama yeye, mmoja mmoja, kwa siku ya kazi aliyoikosa.

Kilichoiua ada hatimaye kilikuwa mshindani mwenye njaa. T-Mobile, iliyokuwa ya nne na inapoteza wateja, ilitangaza Machi 2013 kwamba haina tena mikataba ya miaka miwili. Januari 2014 ikaenda mbali zaidi na kusema itawalipia wanaohamia kwake ada za kuondoka walikotoka, hadi dola 350 kwa laini. Mkurugenzi wake, John Legere, alitembea na fulana ya rangi ya kampuni kama mhubiri wa uhuru. Verizon iliacha mikataba hiyo kwa wateja wapya Agosti 2015 na AT&T Januari 2016. Ukisoma habari za wakati ule utadhani mtu ameshinda vita.

Ila Aprili 2013, mwezi mmoja tu baada ya tangazo, mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington, Bob Ferguson, alikuwa ameshawabana T-Mobile juu ya neno "bila mkataba". Simu sasa ilinunuliwa kwa mafungu ya kila mwezi ya miaka miwili. Huduma unaweza kuiacha leo. Lakini ukiiacha, salio lote la simu linadaiwa kwa mkupuo, na kwa simu ya bei kubwa salio hilo lilizidi ada yoyote ya zamani. Kampuni ilikubali kurekebisha matangazo na kuwaruhusu waliodanganyika kutoka bila adhabu. Mfumo wenyewe ulibaki, na wengine wote wakaufuata. Sitajifanya haukuwa bora: deni linashuka kila mwezi, linaonekana, na likiisha bili inashuka. Lakini jina lilikuwa limebadilika tena. Si adhabu, si fidia, na sasa si hata bei ya huduma. Ni mkopo, na kuhusu kumalizia mkopo ulioutumia, vipimo vya mwaka 1914 havina la kusema.

Mkopo ndio uliofika kwetu. Sisi tulioruka enzi yote ya mikataba kwa sababu ya vocha, sasa tunakutana na kipengele cha kuondoka kupitia simu ya mkopo. Unalipa kianzio, unalipa kila siku kwa pesa ya simu, na ndani ya simu kuna programu isiyofutika. Ukikosa, kioo kinajifunga. Ukilipa, kinafunguka. Ukiacha kabisa, kwa kawaida ulichokwisha kulipa hakirudi, hata kama ni robo tatu ya bei, na bei yenyewe ilikuwa kubwa kuliko ya dukani. Dereva wa bodaboda anayepata wateja kwa simu hiyo, ikifungwa siku mbili anapoteza zaidi ya alichokuwa anadaiwa.

Je, hiyo ni adhabu? Tanzania ina kifungu chake. Mwaka 1872 Waingereza waliitungia India sheria ya mikataba, na wakachoshwa na mabishano ya Kiingereza kati ya adhabu na fidia kiasi cha kuyafuta: kifungu cha 74 kilisema mdai apewe fidia ya kadiri inayofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa, basi. Mwaka 1899 wakaongeza kwamba kanuni hiyo inahusu pia sharti jingine lolote la namna ya adhabu, si kiasi cha fedha peke yake. Sheria hiyo ya India ilivuka bahari na kutumika Zanzibar, Kenya, Uganda na Tanganyika. Kenya iliiacha ilipochukua sheria ya kawaida ya Uingereza. Tanganyika ilipojitungia Sheria ya Mikataba mwaka 1961 iliibakiza, na kifungu bado ni cha 74, maneno ya 1899 yakiwa ndani.

"Sharti jingine lolote" ni maneno mapana. Yaliandikwa kabla ya simu ya mkononi kuwaziwa, na sioni kwa nini kioo kilichofungwa kisingie humo. Ugumu uko kwingine. Ile ada ya Ohio, kwa ubaya wake wote, ilimlazimu mdai kutuma bili, kisha barua, kisha mkusanya madeni, na kila hatua iliacha karatasi ambayo mtu angeweza kuijibu. Kufuli halitumi barua. Linajifunga saa sita usiku, na anayetaka kubisha ndiye atakayebeba nauli asubuhi kwenda ofisini kwao, maana namba ya huduma kwa wateja imo ndani ya simu.